Unaenda majuu kusoma? Uliza kwanza nani atakushika mkono ukifika

Zunguka katikati ya Nairobi, kuanzia Moi Avenue hadi Kimathi Street, kisha upande matatu hadi Westlands au Kilimani. Matangazo ya masomo ya ng'ambo yako kila mahali. Bango moja linakuahidi Canada. Jingine linasema Ujerumani hakuna karo. La tatu linakwambia uje na pasipoti tu, mengine uwaachie wao. Hata simu yako haikuachi. Ukitafuta habari za ufadhili mara moja tu, wiki nzima unaletewa video za maajenti.

Hakuna ubaya wa kutaka kwenda. Umeona waliohitimu mbele yako wakizunguka mjini na bahasha za vyeti, na umeona binamu wa jirani akipiga picha kwenye theluji. Ni haki yako kutamani. Lakini matangazo haya yote yanajibu swali moja tu: utaondokaje Nairobi? Swali la pili, ambalo ndilo litaamua kama utarudi na shahada au na deni, halimo kwenye bango lolote. Ukishafika, nani atakushika mkono?

Swali hilo ndilo la kuuliza leo, kabla mzazi hajauza ploti na kabla kundi la WhatsApp la kuchangisha nauli halijafunguliwa.

Tiketi peke yake haikutosha hata 1959

Pale Moi Avenue kuna sanamu ya Tom Mboya. Wengi wetu tunaitumia kupanga mahali pa kukutana, kisha tunaendelea na safari zetu. Mboya ndiye aliyekuwa mbele katika mpango wa ndege za wanafunzi kwenda Marekani. Ndege ya kwanza iliondoka Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Kufikia 1963, karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepitia mpango huo.

Tunapoisimulia hadithi hii tunazungumzia ndege. Tunachosahau ni watu waliosimama nyuma yake. Vyuo vya Marekani vilitoa ufadhili wa karo. Shirika la African American Students Foundation lilitafuta nauli, na watu maarufu kama Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier wakaweka majina yao kwenye barua za kuomba michango. Mwaka 1960, wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Huku nyumbani, familia na majirani nao walichanga. Na mwanafunzi alipoishiwa na pesa katikati ya muhula, kulikuwa na ofisi ya kuandikia barua.

Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa walioondoka mwaka 1960. Alienda Atchison, mji mdogo katika jimbo la Kansas, kwenye chuo kilichoendeshwa na watawa wa Kikatoliki. Alihitimu 1964, akaendelea na shahada ya uzamili Pittsburgh, kisha akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Dunia ilikuja kumjua baadaye kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya 2004. Lakini jiulize: binti wa kijijini Nyeri angemaliza kweli masomo katikati ya Kansas kama hangekuwa na mtu wa kumpokea, kumlaza na kumwelekeza?

Mfumo huo haukufa na miaka ya sitini. Mwaka 2002, bintiye Mboya, Susan Mboya, alianzisha Zawadi Africa kuwasaidia wasichana werevu kutoka familia zisizojiweza kupata nafasi vyuoni. Benki ya Equity nayo ina mpango wake wa kuwaandaa wanafunzi waliofanya vyema kuomba vyuo vya nje. Ukitazama mipango hii kwa makini, utaona haiishii kwenye barua ya kukubaliwa chuoni. Inamwandaa mtu kabla ya kuondoka na inaendelea kumfuata akiwa huko.

Finland ilivyotufunza kwa uchungu

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2021, serikali ya kaunti ya Uasin Gishu ilianzisha mpango wa kupeleka vijana kusoma Finland na Canada. Wazazi walilipa. Wengine waliuza mifugo na mashamba, wengine wakachukua mikopo. Pesa zilipitia akaunti iliyosimamiwa na mpango wenyewe badala ya kwenda chuoni moja kwa moja.

Kufikia 2023, vijana waliokuwa tayari Finland waliambiwa karo haijafika na kwamba wangepoteza nafasi zao. Mwanafunzi akipoteza nafasi chuoni, kibali chake cha kuishi nchini humo nacho huingia mashakani. Wengine hawakuondoka hata Eldoret, na wazazi wakaandamana kudai pesa zao. Seneti ikachunguza. Agosti 2023, aliyekuwa gavana Jackson Mandago na wenzake walifikishwa kortini Nakuru kwa mashtaka yaliyohusu Sh1.1 bilioni. Walikana mashtaka hayo.

Yaache ya korti kwa korti. Somo lako wewe ni hili: huu haukuwa mpango wa kibanda cha ghorofa ya tatu River Road. Ulikuwa na nembo ya serikali. Wazazi walikuwa na sababu ya kuuamini. Lakini kati ya pesa na chuo palikuwa na mkono wa mtu wa tatu, na mambo yalipoharibika, mwanafunzi aliye kwenye baridi ya Tampere hakuwa na ofisi ya kugonga mlango ambayo ingesema, hili ni jukumu letu.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya usaidizi ni ya pesa. Karo iende kwenye akaunti ya chuo, kwa jina la chuo, na risiti itoke chuoni. Ajenti akisema lipia kwangu kwa sababu ni haraka, funga mkoba.

Shughuli za ziada si mapambo ya fomu

Tukifika kwenye maombi yenyewe, kuna uvumi mwingi kuhusu shughuli za nje ya darasa. Utaambiwa lazima uwe na vyeti kumi, uwe umeanzisha shirika, uwe umeogelea, umepiga piano na umehutubia mkutano wa Umoja wa Mataifa wa wanafunzi. Mambo si hivyo, na inategemea unaenda wapi.

Vyuo vingi vya Marekani hutumia fomu ya pamoja iitwayo Common App. Ina nafasi ya shughuli kumi, na kila moja unaieleza kwa herufi zisizozidi 150. Huko shughuli zina uzito. Uingereza, maombi ya shahada ya kwanza hupitia UCAS, na kwa wanaoingia chuoni kuanzia 2026 maelezo ya mwombaji yamegawanywa katika maswali matatu. La tatu linauliza umefanya nini nje ya masomo kujiandaa na kozi hiyo. Ona vizuri: wanataka jambo linalohusiana na kozi, hawakuulizi orodha ya vilabu. Ujerumani, vyuo vya umma kwa kiasi kikubwa huangalia alama na lugha. Ukitumia mwaka mzima kukusanya vyeti vya uongozi huku Kijerumani chako kikiwa bado ni cha kusalimia, umepoteza mwaka.

Hapa ndipo tofauti za mitaa yetu ya magharibi zinapojitokeza. Panda matatu ya 46 kuelekea Kawangware. Upande mmoja kuna Lavington, shule zenye mabwawa ya kuogelea, walimu wa muziki na washauri wanaolipwa kusoma insha za wanafunzi. Dakika chache baadaye uko Kawangware, ambapo mwanafunzi akitoka shule anachota maji, anamchukua mdogo wake kwa jirani, kisha anasimama kwenye kibanda cha mama yake hadi saa mbili usiku. Kangemi na Loresho ni hadithi hiyo hiyo, zimetenganishwa na barabara tu. Kijana wa Kawangware akiona fomu ina nafasi kumi za shughuli, anasema, manze, mimi sina kitu.

Unacho. Fomu hiyo ya Common App ina kipengele cha majukumu ya kifamilia na kingine cha kazi ya malipo. Kuuza mboga kila jioni kwa miaka mitatu ni shughuli. Kuwalea wadogo zako ni shughuli. Kuwafunza watoto wa plotini hesabu za KCSE, kupanga ratiba ya timu ya mtaani, kuongoza kwaya ya kanisa au madrasa ya Jumamosi, zote ni shughuli. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyekwambia uziandike, na hukuandika ulianza lini, ulifanya saa ngapi kwa wiki na nini kilibadilika kwa sababu yako. Chukua daftari leo uanze kuandika. Usiongeze chumvi, maana mwalimu wako ataulizwa na uongo huonekana.

Zipo pia njia ambazo hazihitaji mfuko mzito. Mpango wa President's Award umekuwepo Kenya tangu 1966 na unapokea vijana wa miaka 14 hadi 24, kuanzia shaba hadi dhahabu. Unafanya huduma kwa jamii, ujuzi, michezo na safari ya nje, na cheti chake kinatambulika katika nchi nyingi kwa sababu ni sehemu ya mpango wa kimataifa. Mashindano ya kitaifa ya muziki, drama na sayansi yako wazi kwa shule za umma. Maktaba ya McMillan, Banda Street, na maktaba za kitaifa zipo. Goethe-Institut na Alliance Française ziko katikati ya jiji, na hata kama ada ya kozi ya lugha imekushinda, maonyesho na filamu zao mara nyingi hazina kiingilio.

Baada ya ndege kutua

Sababu kubwa ya kuthamini shughuli hizi, hata hivyo, haiko kwenye fomu. Iko kwenye mwezi wako wa tatu ugenini.

Wiki ya kwanza kila kitu ni kipya. Unapiga picha, unatuma nyumbani. Kisha Novemba inafika, jua linazama saa kumi jioni, mwenzako wa chumba haongei, chakula hakina ladha, na kila ukipiga simu nyumbani unaulizwa umeanza kutuma lini. Hutaki kusema umelemewa kwa sababu kuna watu waliochanga. Unanyamaza. Unaacha darasa moja, kisha mawili. Hapo ndipo wengi hupotea, na wengi wao hawakushindwa na hesabu.

Kinachomvuta mtu kutoka hapo ni watu wanaomtarajia mahali. Kama ulicheza voliboli Kangemi, kuna timu ya chuo inayofanya mazoezi Jumanne, na usipoonekana watauliza uko wapi. Kama uliimba kwaya, kuna kwaya. Kama uliigiza, kuna klabu ya maigizo. Vyuo vingi vina vyama vya wanafunzi wa Kiafrika, na mingi mikubwa haikosi Wakenya. Wiki ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, vilabu hupanga meza uwanjani na kuandikisha watu. Usipite tu ukichukua kalamu za bure. Jiandikishe kwenye viwili: kimoja cha watu wa kwenu, kimoja cha watu usiowajua. Ukikaa na Wakenya peke yao utakuwa umehamisha Kilimani hadi Manchester. Ukiwakwepa kabisa, siku ya msiba nyumbani utalia peke yako.

Kama huamini, angalia wageni walio kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vingine vya jiji vina wanafunzi kutoka Sudan Kusini, Somalia, Congo na Rwanda. Wao pia wana pasi za wanafunzi za kufanyia upya, wenye nyumba wanaowapandishia kodi wakisikia lafudhi, na sikukuu ambazo wanakaa hosteli wenyewe. Umewahi kumwalika mmoja kwenu kula chapati? Yule anayekaa peke yake nyuma ya darasa ndiye wewe, mwaka ujao, upande mwingine wa dunia. Muulize ni nini kilimsaidia. Atakufunza mengi kuliko ajenti yeyote.

Maswali matano kabla ya kulipa

Kwanza, je, chuo kinatambuliwa na nchi yake kupokea wanafunzi wa kigeni? Uingereza ina orodha rasmi ya vyuo vyenye leseni hiyo. Canada ina orodha yake, na tangu Desemba 2023 idara ya uhamiaji huko huthibitisha barua ya kukubaliwa na chuo chenyewe, baada ya wanafunzi wengi wa kigeni kugundua barua walizopewa na maajenti zilikuwa bandia. Marekani nayo ina orodha yake. Zote ni za bure mtandaoni. Hapa nyumbani, iulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kama shahada hiyo itatambuliwa ukirudi. Leseni ya kaunti iliyobandikwa ukutani kwa ajenti inaonyesha tu kwamba amelipa ada ya biashara.

Pili, gharama kamili ni ngapi? Ujerumani "bila karo" ina sharti la viza: kwa kawaida uonyeshe yuro 11,904 za mwaka mmoja kwenye akaunti maalum, ambazo unatoa yuro 992 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya Sh1.5 milioni kabla hujapanda ndege. Na jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Uingereza, mwanafunzi hulipa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza kwa ajili ya huduma za afya, mbali na karo na mbali na ada ya viza yenyewe.

Tatu, unaruhusiwa kufanya kazi saa ngapi? Ajenti atakwambia utajilipia karo kwa kazi za jioni. Uingereza, mwanafunzi wa shahada huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Canada ni 24 nje ya chuo. Marekani, mwaka wa kwanza kazi kwa kawaida ni ndani ya chuo tu, na si zaidi ya saa 20. Saa hizo zinaweza kukununulia chakula na nauli. Kulipa karo nzima ya mgeni ni ndoto, na ukizidisha saa unahatarisha viza.

Nne, ofisi ya wanafunzi wa kimataifa iko wapi, na nani anajibu? Waandikie barua pepe wewe mwenyewe kabla ya kulipa. Uliza kama wanapokea wageni uwanja wa ndege, malazi ya wiki mbili za kwanza yakoje, mshauri wa afya ya akili anapatikana vipi, na kuna mfuko wa dharura kwa mwanafunzi aliyekwama. Chuo ambacho hakijibu barua ya mtu anayetaka kukilipa, kitajibu ya mtu aliyekwisha kulipa?

Tano, nani kutoka Kenya yuko pale sasa hivi? Usitosheke na shuhuda aliyepangwa na ajenti. Tafuta chama cha wanafunzi wa Kiafrika cha chuo hicho, umpate mtu mwenyewe, uzungumze naye dakika kumi kwa Kiswahili. Atakwambia yaliyofichwa kwenye brosha.

Si mzigo wako peke yako

Itakuwa dhuluma kumwachia kijana wa miaka 19 kazi hii yote. Tangu 2022 tuna Idara ya Serikali ya Masuala ya Wakenya Ughaibuni. Mazungumzo yake mengi na wananchi ni kuhusu ajira na pesa zinazotumwa nyumbani. Wanafunzi nao ni Wakenya ughaibuni, na kila ubalozi unafaa kuwa na afisa anayejua wako wangapi, wako wapi, na simu yake ishikwe saa nne usiku. Biashara ya kupeleka wanafunzi nje nayo inahitaji sheria kali zinazomlinda mzazi. Haifai tusubiri Finland nyingine.

Shule zetu pia. Mwalimu wa ushauri nasaha asimwone mwanafunzi anapokuwa na kesi ya nidhamu tu. Amsaidie kuandika alichofanya Kawangware kwa maneno ambayo mtu wa Boston ataelewa. Na nyinyi mliotangulia, mkirudi Desemba kwa likizo, msiishie kwenye nyama choma za Kilimani na stori za theluji. Pitieni shule mliyosoma, muongee nusu saa, mseme ukweli wote, na ule wa Novemba pia.

Kama barua yako ya chuo tayari iko mkononi, hongera, umeifanyia kazi. Sasa waandikie ile ofisi ya wanafunzi wa kimataifa usiku wa leo. Ajenti akikupigia kesho asubuhi akitaka amana, mwambie unasubiri jibu.